Mama Mara ya Mwisho

Furaha mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Asubuhi ulikuwa unaimba ukisugua sufuria, na mtu anayeimba huku akisugua sufuria yenye ugali wa nsima uliogandia hana ugonjwa wowote. Hali yangu nawe unaijua, kwa hiyo hayo tuyaache.

Ni mchana, jua ni kali. Umekwenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya, na hamtaachana mapema, kwa sababu kila mmoja atataka kuanzisha wimbo na kila mmoja atataka kulia. Nimekaa hapa mlangoni, begi lako liko miguuni kwangu. Ukirudi utakuta limesogezwa. Ni mimi niliyelisogeza.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, kusali, na kutotembea na simu mkononi pale Old Town ya Lilongwe. Hayo nimekuambia mpaka yamekuchosha, na kama hayakuingia masikioni hayataingia kwa karatasi. Nataka kukuandikia habari ya mdomo wangu.

Wiki hizi zote tumekuwa tukigombana, au niseme kweli, mimi nimekuwa nikigomba na wewe ukisikiliza. Uliponiambia kwamba umepata nafasi katika atelye ya kushona sare za shule huko Lilongwe, Area 49, nilisema huendi. Ukanijibu kwa upole, "Mama, mi nitaenda." Nikasema ukienda usinihesabu kuwa mama yako. Siku nyingine nikasema ukienda usirudi. Nikasema nitamwambia mchungaji akutaje mbele ya kanisa zima. Na lile kubwa nililirudia kila tulipokaa kula: cherehani yangu hutaigusa.

Nilijua linakuuma, ndiyo maana nililirudia. Amayi, yule mama mwenye atelye, alishakueleza wazi kwamba msichana anayekuja na cherehani yake anashona, na asiye nayo anakaa nyuma anapachika vifungo na kufagia vipande vya vitambaa mpaka atakapopata yake. Wewe hukubishana nami. Ulikwenda kuomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambi hii ya wakimbizi ukapata, ukaongea na yule dada wa kwaya anayekaa Nsungwi, hukohuko Lilongwe, akakubali mlale chumba kimoja, halafu ukaja ukaniambia, "Mama, nilisha kutengeneza yote. Naenda Jumatatu. Vifungo navyo ni kazi."

Nilikwenda jikoni nikalia. Baba yako alipouliza nikasema ni moshi, na siku hiyo hatukuwa tumewasha moto.

Unalijua jina ninaloitwa hapa mtaani, Mama Mara ya Mwisho. Mpaka watoto waliozaliwa juzi wanalijua. Siku lilipozaliwa ulikuwepo, lakini ulikuwepo kwa upande wako, na ulikuwa bado shule ya msingi. Acha nikusimulie upande wangu, kwa sababu sijawahi kukusimulia wote, na kesho ukiwa kwenye minibasi itakuwa nimechelewa.

Mimi ni mtoto wa Bukavu kule Kongo, nimekulia mtaa wa Kadutu. Kule nilijifunza kwamba mwanamke mwenye sauti hashindwi sokoni. Ukinisogezea meza yako nakuambia, "Sogeza tena uone!" na wewe husogezi. Nilifikiri ni sauti yangu. Sikujua kwamba nyuma ya sauti yangu walikuwepo kaka zangu wanne, na watu wote wa soko lile waliwajua. Nilipokuja huku nikiwa na wewe tumboni na kichwa cha cherehani mgongoni, nilikuja na sauti ileile. Kaka zangu hawakuja.

Na sauti hiyo sikuiokota njiani, niliirithi. Nilipoaga, bibi yako aliniambia nikiondoka atakufa. Mpaka leo ananitumia sauti za WhatsApp kulalamikia magoti yake.

Sasa, Baba Divine. Unamjua kama mtu anayekuletea mihogo, lakini wakati ule alikuwa jirani mpya, Mrundi kijana, fundi wa matofali. Na hapa Dzaleka nyumba inatoka kwenye udongo uleule inaposimama: unachimba, unakanyaga udongo, unafyatua, unajenga, na shimo linabaki pembeni. Kila mtu ana shimo lake. Tatizo ni kwamba udongo mzuri wa Baba Divine ulikuwa unaelekea kwetu. Alichimba kwake akamaliza, akaja kwenye njia, akaimaliza njia, akaanza kuusogelea ukuta wa chumba mlicholala wewe na dada yako.

Mara ya kwanza nilitoka nikiwa na mkasi mkononi. Nikamwambia, "Baba Divine, batoto bangu banalala nyuma ya ukuta huu. Ukisogea tena, nakupeleka kwa shefu wa katiye. Hii njo mara ya mwisho naongea!"

Akajibu, "Ndiyo mama, nimesikia." Na kweli aliacha. Kumbuka hilo, Furaha, aliacha. Siku kadhaa sikumwona upande wetu hata kidogo. Nilitembea kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu akarudi, akachimba kidogo tu, kama mkono mmoja, akanitazama. Leo naelewa alikuwa anapima. Pale ndipo nilipotakiwa kuvua aproni na kwenda kwa huyo shefu wa katiye, kiongozi wa eneo, maana nyumba yake haikuwa mbali, na alikuwa mtu wa kusikiliza watu. Badala yake nikapiga kelele: "Nilikuambia nini? Hii njo mara ya mwisho!" Akasema ndiyo mama. Kesho yake akachimba tena, na safari hii hakunitazama.

Kwa nini sikwenda? Nimejiuliza sana. Niliogopa. Niliogopa kuambiwa kwamba Wabukavu wana kiburi, niliogopa mke wake ataacha kuniletea nguo za kushona, niliogopa kufika kwa kiongozi halafu asinisaidie na watu wote wakajua kwamba sina mtu. Kupiga kelele kulinipa raha ya kufanya jambo bila kulifanya. Nilikuwa nikimaliza kufoka nasikia moyo umetulia, naingia ndani nashona, na shimo linabaki pale pale.

Baba Divine naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kulisha, na udongo mzuri ulikuwa mbele yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba maneno yangu hayana mkono. Kila nilipotisha nilimfundisha upya, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Ilifika mahali ananisalimia asubuhi, "Mama, leo njo mara ya mwisho ya ngapi?" na mimi nacheka naye, huku ndani naungua.

Halafu ikaja ile mvua. Unaikumbuka, shimo lilijaa maji na vyura wakawa wanatuimbia usiku kucha. Maji yalipopungua nikaona ukuta wenu umepasuka, ufa umetoka chini, umepita karibu na mahali ulipokuwa unaweka kichwa. Niliingiza kidole na kikaingia. Nikatoka nikikimbia. Baba Divine alikuwa kwenye pampu ya maji na wanawake wote wa mtaa walikuwa na ndoo zao kwenye mstari. Nikamnyooshea kidole nikasema, "Baba Divine, hii njo..."

Na mstari mzima wa ndoo ukanimalizia, kwa sauti moja kama kwaya: "Mara ya mwisho!"

Walicheka mpaka mwingine akamwaga maji yake. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanacheka kama watu wanavyocheka na ndugu yao. Lakini mimi nilikufa pale. Kesho yake kabla watu hawajaamka nilikwenda kwenye uwanja wake, alipokuwa amepanga matofali mabichi yamefunikwa majani, nikayakanyaga. Yote, mstari kwa mstari, kwa miguu yangu hii. Udongo ulikuwa bado laini, ulikuwa unaingia kati ya vidole. Nikasikia raha, sitakudanganya. Raha ile ilidumu mpaka jua lilipotoka.

Matofali hayakuwa yake. Yalikuwa ya Mama Odette, yule mjane aliyekuwa anakaa na watoto wake chini ya turubai huku upepo ukilipiga. Watu wa kanisa walikuwa wamemchangia ili afyatuliwe. Alikuja akasimama pale, hakufoka, hakulia, akasema tu, "Mama Furaha, ile matofari ilikuwa yangu."

Nimeomba msamaha mara nyingi maishani, na mara nyingi bila kumaanisha. Siku ile nilimaanisha, nikapiga magoti kwenye udongo ule.

Hivyo mimi niliyetishia watu kwa kiongozi nikapelekwa mimi kwa kiongozi. Wazee waliamua niyarudishe matofali kwa mikono yangu. Na nani wa kunifundisha kufyatua? Baba Divine. Wakati wengine wanapita wanachungulia, yeye alinionyesha namna ya kukanyaga udongo usiwe na mawe, namna ya kuupiga kwenye kibao cha kufyatulia, namna ya kukitoa kibao bila kuvunja pembe. Hakunicheka hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko kile kicheko cha kwenye pampu. Siku moja tukiwa tumechoka akaniambia, "Mama, weye unasema, unasema, unasema, halafu unavunja. Hapo katikati hapana kitu."

Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani, na bado ninalo.

Sasa ndipo unapoingia wewe. Ufa ulikuwa bado uko pale, maana mimi nilikuwa nahangaika na matofali ya mjane na aibu yangu, na baba yako alikuwa anasema tutaona, tutaona. Jioni moja ulitoka ukiwa bado na sare ya shule, ukaenda mpaka kwa Baba Divine. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikakusikia. Ulisema, "Baba Divine, shikamoo. Kesho asubui nitafukia shimo upande wa kwetu, kutoka ukutani mpaka kwenye njia. Ukipenda ukuje tupime pamoja mahali utaishia." Akacheka akasema, "Sawa, mutoto wa Mama Mara ya Mwisho." Ukasema asante, ukarudi ukaosha vyombo. Ndivyo ilivyokuwa, mara moja, na hukuongeza neno.

Asubuhi ulichukua chepe la baba yako ukaanza. Baba Divine alitoka na kikombe chake cha chai akakaa kwenye kigoda kuangalia sinema. Majirani wakaja. Wewe ukawa unatia majivu ya jikoni, vipande vya matofali, udongo, unakanyaga, unarudi, unatia tena. Dada yako akakufuata na beseni. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika kiuno, na nikuambie kitu cha aibu, sikufurahi kwanza. Niliona wivu. Nilikuwa mama mzima, nimepiga kelele misimu miwili, na mtoto wangu wa shule ya msingi alikuwa anafanya bila hata kupandisha sauti.

Chai ilipoisha Baba Divine akasema, "Weye mutoto, uko unafanya kweli?"

Ukasema, huku unaendelea, "Si nilisha kukuambia jana?"

Akaweka kikombe chini. Nilifikiri atakufukuza, nikashuka kizingitini tayari kupigana. Lakini alikwenda akaleta chepe lake, akaja na vijiti, akapima hatua kutoka ukutani akavichomeka mstari, akasema, "Sawa. Hapa njo mwisho wangu." Mkafukia pamoja mpaka mchana, na mkewe akapika maharagwe tukala wote. Vile vijiti vilioza zamani, ila hajawahi kuvuka mpaka leo. Ufa baba yako aliuziba kwa udongo, na ukipitisha mkono ukutani bado unausikia.

Nimefikiria sana kwa nini chepe lako liliweza lililoshindwa mdomo wangu. Hukuwa na nguvu kuliko mimi. Nafikiri ni kwamba ulichagua jambo lililokuwa mikononi mwako. Mimi nilikuwa namwambia yeye afanye nini, na kama hafanyi nitamletea mtu mwingine. Wewe ulimwambia wewe utafanya nini, kisha ukafanya asubuhi yake, kabla hajapata muda wa kukuzoea. Na ulimwachia mahali pa kusimama. Ulimwita mpime pamoja. Mtu akiachiwa mahali pa kusimama hana haja ya kukupiga ndipo apite.

Huko unakokwenda watakuwepo watu wa kukusogelea ukuta. Si wabaya wote. Huyo dada wa Nsungwi ni mtu wa Mungu, lakini chumba ni kimoja, na siku moja ataanza kuvaa viatu vyako. Mwambie mara moja, kwa uzuri. Ikiendelea, nunua sanduku lenye kufuli, tia viatu, na mwendelee kucheka pamoja. Amayi wa atelye akikuambia ubaki kila siku mpaka giza, usizunguke kwa wasichana wengine ukisema ipo siku utaondoka. Watamfikishia, naye atakuwa amekuzoea kabla hujaanza. Mwambie mwenyewe saa unayotoka, na saa hiyo ikifika kunja kitambaa chako, shukuru kwa zikomo, toka.

Na kuna jambo moja ambalo hata kusema mara moja ni nyingi. Mwanamume akikushika pale usipotaka, awe fundi, awe mwenye duka la vitambaa Old Town, awe hata mtu wa kanisa, usimwambie, "Nitakusema." Mseme. Siku ileile, kwa mtu mwenye uwezo, kwa sauti. Ukimwambia utamsema unampa usiku mzima wa kutengeneza uongo wake. Hapa naandika nikiwa nimekasirika, nisamehe mwandiko.

Vilevile, usifanye kama mimi kwenye uwanja wa matofali. Ukisikia moyo unaona raha mapema, subiri, kunywa maji, ulizia kwanza matofali ni ya nani. Na ukijikuta umesema jambo usilotaka kulifanya kweli, lirudishe tu. Useme, nilikosea kusema. Inaumiza kidogo, halafu inapita. Mimi nilikuwa sijawahi kujaribu mpaka juzi.

Juzi nilikuwa nakunja zile nguo zako na nikaona jambo lililonifanya nikae chini. Nikaona kwamba umenifanyia mimi kama ulivyomfanyia Baba Divine. Uliniambia mara moja kwamba unaenda, na tangu hapo umekuwa unatia udongo taratibu, karatasi ya ruhusa, chumba, nauli, na mimi nimekaa kwenye kigoda napiga kelele. Mimi ndiye niliyekuwa nachimba karibu na ukuta wako, mwanangu. Na bado kila jioni ulikuwa unaniletea maji ya kuoga, ukiniachia mahali pa kusimama.

Niliogopa, ndiyo ukweli wote. Wewe umezaliwa hapa, hujawahi kulala pasipo na mimi. Mimi niliwaacha watu wangu kule nikajua njia inavyomeza watu. Kila nilipokutisha nilikuwa nataka kusema, "Nakupenda, naogopa," na mdomo ukatoa lile unalolijua.

Kwa hiyo: nilisema usinihesabu. Nihesabu. Nilisema usirudi. Rudi, hata kesho kutwa, hata kama atelye imekushinda, hata kama hujaleta kitu. Mlango huu unaujua jinsi unavyofunguliwa, unausukuma juu kidogo.

Na nilisema neno jingine ambalo hujalisahau. Nililitazama nikajiuliza kama nataka kulifanya kweli, nikaona sitaki. Jana, wewe ukiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilivuka kwenda kwa Mama Divine, kwenye ile njia mliyoifukia. Tumepatana. Asubuhi anashona yeye, mchana nashona mimi, kwenye ile cherehani moja aliyoinunua mwaka jana. Alinikubalia kabla sijamaliza kusema, na mume wake akapiga kelele kutoka ndani, "Mama, hii njo kweli ama njo mara ya mwisho?"

Leo ulipotoka tu, baba yako alishika bisibisi. Naye aliuliza kama ni kweli. Nilishika meza isitingishike akafungua skrubu za kichwa cha cherehani. Nimekizungushia kile kitenge changu cha bluu, pande zote, nikakitia ndani ya begi lako, na sindano nimezitia kwenye kopo la chai ndani ya soksi zako. Mkanda mpya utauhitaji, huu umelegea. Meza na pedeli utapata hukohuko, kilicho kigumu kupata ni kichwa, na hicho unacho.

Kesho wa kabaza akija na baiskeli yake, usimwache akuinulie begi kwa mkono mmoja, atalidondosha. Ni zito. Nitalishika upande mmoja, wewe utashika mwingine.

Mama yako